Sindano Moja, Captain America Wengi

SEHEMU YA 1

Mwezi mzima nimeandika habari za degedege na kuharisha, mpaka mmoja wenu akaniambia, "Sista, hebu tupumzishe na magonjwa, tuandikie hata kitu cha watoto." Nimesikia. Siku hizi nne tano nitaandika kuhusu Captain America. Ila mnanijua. Hata nikianzia kwenye katuni, nitaishia chumba cha sindano.

Yule mwenye ngao ya duara na nyota katikati, mnamfahamu hata kama jina hamlijui. Yuko kwenye mabegi ya shule, kwenye chupa za maji, kwenye fulana za mtumba. Mwanzo wake ni kitabu cha katuni kilichotoka Marekani mwishoni mwa 1940, ingawa kwenye jalada kimeandikwa Machi 1941. Waliomtunga ni vijana wawili wa New York, Joe Simon na Jack Kirby, wote watoto wa wahamiaji wa Kiyahudi. Jalada lenyewe linamwonyesha Captain America akimtandika Hitler ngumi ya taya. Na kumbukeni, wakati huo Marekani ilikuwa bado haijaingia vitani. Iliingia Desemba 1941. Kwa hiyo wale vijana walikuwa wanasema jambo, na wapo watu waliowatumia vitisho kwa ajili hiyo.

Hadithi inaanza na kijana anaitwa Steve Rogers. Mwembamba, dhaifu, anataka kwenda jeshini, anapimwa afya, anakataliwa. Hapo ndipo mimi nilipokaa vizuri kwenye kiti. Huyu hakuzaliwa na nguvu, hakutoka sayari nyingine, hakurithi kitu kwa babu. Alichomwa sindano. Kuna daktari alikuwa ametengeneza dawa, akamdunga, mwili ukajaa palepale. Matoleo ya baadaye yameongeza na miale ya mashine. Yaani shujaa aliyevaa bendera ya nchi nzima, ukimvua ngao, ni mgonjwa aliyeitikia dawa vizuri.

Dakika chache baadaye jasusi wa Wanazi aliyejipenyeza chumbani anampiga daktari risasi. Daktari anakufa na siri yake, maana fomula ilikuwa kichwani, haikuandikwa mahali. Wauguzi wenzangu najua mnacheka. Si tulifundishwa chuoni siku za mwanzo kabisa, ambacho hakikuandikwa hakikufanyika?

Basi kwa kukosa karatasi moja, miaka zaidi ya 80 sasa waandishi wanaendelea kujiuliza. Ingekuwaje kama ile sindano angechomwa mtu mwingine? Ingekuwaje kama ingechomwa nusunusu? Ingekuwaje kama aliyechomwa hakuulizwa? Ndiyo maana Captain America wako wengi. Wengine wanaishi kila mmoja kwenye ulimwengu wake, dunia inayofanana na hii ya kwetu mpaka mahali fulani, halafu kitu kimoja kidogo kinakwenda tofauti na kila kitu kinageuka. Wengine wako kwenye hadithi ileile ya Steve, wamefichwa tu nyuma ya pazia. Kesho naanza na yule anayependwa nyumbani kwangu.

SEHEMU YA 2

Nyumbani kwangu Captain America ni mwanamke. Binti yangu ana miaka minane na habari za Steve hataki kuzisikia. Wake ni Captain Carter, kutoka katuni ya What If...? iliyoanza kuonyeshwa Agosti 2021. Ndiye wa kipindi cha kwanza kabisa.

Kwa wasiomjua: kwenye filamu ya 2011, Peggy Carter ni afisa Mwingereza aliyepo siku Steve anapopewa dawa. Jaribio linapokaribia kuanza anaombwa apande juu, kwenye chumba cha kioo wanakokaa wakubwa. Anapanda. Kwenye katuni anaombwa hivyohivyo, anasema mimi nabaki hapa chini. Basi. Hicho tu ndicho kilichobadilika. Jasusi anaanza vurugu mapema, Steve anapigwa risasi kabla hajapata dawa, mashine iko tayari na hakuna wa kuingia. Peggy anaingia mwenyewe.

Anatoka na nguvu zilezile. Ngao yake ina bendera ya Uingereza. Steve anabaki mwembamba vilevile, anatengenezewa vazi kubwa la chuma, wanapigana bega kwa bega. Lakini mkubwa wa jeshi amenuna kweli kweli, kwake yeye dawa imepotea kwa mwanamke, na mwanzoni hataki hata kumpeleka vitani.

Binti yangu akaniuliza, "Mama, kwa hiyo ile dawa haijui kama huyu ni mwanamke?"

Swali zuri kuliko anavyodhani. Dawa nyingine zinajua. Mwili wa mwanamke unaweza kuisaga dawa tofauti na wa mwanamume, na mwili wa mjamzito tofauti tena. Tatizo ni kwamba kwa muda mrefu hatukupimwa. Huko huko Marekani, mwaka 1977 mamlaka yao ya dawa ilitoa mwongozo wa kuwaacha nje ya majaribio ya mwanzo wanawake wanaoweza kushika mimba. Ulikaa mpaka 1993. Nia ilikuwa kulinda watoto walio tumboni, na sababu ilikuwepo, lakini matokeo yake mnayaona kila siku kwenye karatasi ndani ya boksi la dawa: ukiwa mjamzito muone daktari kwanza. Mara nyingi maana yake ni kwamba wajawazito hawakuwemo walipokuwa wanaijaribu. Kwa hiyo yule mkubwa wa jeshi aliyenuna, mimi sikumwona kama mtu wa katuni sana.

Wako wengine wa kupita haraka. Kuna ulimwengu ambao Captain America ni Samantha Wilson, mwanamke mweusi. Kuna Danielle Cage, anayetoka siku za mbele kwenye dunia nyingine. Kuna yule wa The Ultimates ya 2002, ambaye anatolewa kwenye barafu akiwa na ukali wote wa askari wa zamani; huyo mimi simpendi, lakini baba yao anamtetea. Na kuna wa Marvel Zombies, wanamwita Colonel America, ambaye ni maiti inayotembea na inakula watu. Akina mama, huyo wa mwisho SI WA MTOTO. Jalada linang'aa kama vitabu vingine tu, kagueni ndani kabla hamjampa mtu wa miaka saba halafu mkaniandikia saa nane usiku kwamba mtoto halali.

SEHEMU YA 3

Wa leo hana wa kumpenda, lakini kisa chake ndicho kilichonichekesha na kunitisha kwa pamoja.

Baada ya vita mauzo ya vitabu vya Captain America yalishuka, akapotea. Mwishoni mwa 1953 wachapishaji wakamrudisha, safari hii anawinda wakomunisti. Haikushika, ikafa 1954. Halafu 1964 akarudishwa tena na maelezo mapya: eti tangu mwisho wa vita alikuwa ameganda kwenye barafu baharini. Haya. Kama alikuwa barafuni, yule wa 1954 alikuwa nani?

Swali likakaa bila jibu mpaka 1972, mwandishi Steve Englehart na mchoraji Sal Buscema walipolijibu. Wakasema yule alikuwa mtu mwingine. Kijana aliyempenda Captain America kupita kiasi, akaikuta ile fomula kwenye makaratasi ya Wanazi, akafanyiwa upasuaji wa uso afanane na Steve, akachukua na jina lake. Kisha akajichoma, yeye na mwanafunzi wake. Sindano walipata. Ile miale ya mashine iliyotakiwa kuifuata, hawakupata. Mwili ukawa na nguvu, akili ikaharibika. Akaanza kuona adui kila mahali, mpaka akawa anapiga raia. Serikali ikamgandisha na kumweka stoo.

Jamani, dozi nusu! Mwandishi alikuwa anatania siasa za nchi yake, mimi nikamwona mteja wa duka la dawa. Mnajua ninachosema. Vidonge vitatu vya antibayotiki kwa sababu hela ni ya vitatu. Dawa aliyoandikiwa mtoto wa jirani, "ilimsaidia sana", nawe unampa wako. Unapata kipande cha tiba bila kile kipande kingine kinachokilinda, halafu wiki mbili baadaye tunakutana wodini mimi nawe.

Kisa hakikuishia hapo. Mwaka 1984, kwenye mfululizo wa zamani wa vitabu vya What If?, wakatunga dunia ambayo huyu wa bandia ndiye anayeamka kwanza. Watu wanamwona na nguo zile, na ngao ile, na uso ule, wanamwamini. Anatumiwa kuwashawishi wakubali mambo ambayo wasingeyakubali kwa mtu mwingine, mpaka nchi inatawaliwa kwa bunduki. Steve wa kweli anakuja kuamka wamechelewa, na inabidi apigane na mtu mwenye sura yake mbele ya watu wasiojua nani ni nani.

Mwaka 2016 Marvel walirudia wazo hilo kwa ukali zaidi. Steve mwenyewe, siyo wa bandia, akabadilishiwa maisha yake ya nyuma ikawa tangu utotoni ni mfuasi wa Hydra, kundi lililoanzia upande wa Wanazi kwenye hadithi hizi. Wasomaji walichukia sana, na ukikumbuka wale vijana wawili waliomtunga walikuwa watoto wa nani, unaelewa. Baadaye ulirekebishwa, kwenye katuni kila kitu hurekebishwa.

Mimi ninachovaa kazini ni nyeupe, siyo bendera. Lakini nimeshaona mama anamkabidhi mtoto wake kwa mtu asiyemjua, bila hata kuuliza jina, kwa sababu ya yale mavazi meupe. Dakika hiyohiyo. Kuna siku huwa naogopa nikifikiria.

SEHEMU YA 4

Leo chukueni chai, ni ndefu.

Mwaka 2003 Marvel walitoa hadithi ya vitabu 7 inaitwa Truth: Red, White & Black. Mwandishi ni Robert Morales, mchoraji Kyle Baker. Wanarudi palepale: daktari amekufa na fomula yake, si ndiyo? Jeshi linaitaka. Inabidi itafutwe upya, dozi baada ya dozi, kwa kuwajaribu watu. Watu gani? Wanachukuliwa askari weusi 300 kutoka kambi moja. Hawaulizwi. Hawaambiwi ni dawa gani. Miili mingi inashindwa, wanakufa vifo vibaya, wanaobaki hai ni 5. Familia zao zinaambiwa wapendwa wenu wamefia vitani.

Mwisho anabaki mmoja, Isaiah Bradley. Anachukua nguo za Captain America bila ruhusa, anazivaa, anaingia Ujerumani peke yake na kufanya kazi aliyotumwa. Shukrani anayopewa ni kifungo, miaka na miaka. Anapotoka, ile dawa imekwisha kula akili yake, na mke wake Faith anamtunza mtu mzima kama anavyotunzwa mtoto. Mnaouguza wazee nyumbani mtaielewa ile michoro bila hata kujua Kiingereza.

Wako waliolalamika kwamba shujaa wao anachafuliwa. Lakini Morales hakuitoa hewani.

Mwaka 1932 Idara ya Afya ya Umma ya Marekani ilianza utafiti katika kaunti ya Macon, jimbo la Alabama, pamoja na chuo cha Tuskegee. Wanaume weusi wapatao 600, wengi wao wakulima maskini. Kati yao 399 walikuwa na kaswende, waliobaki walikuwa wa kulinganishia. Walitaka kuona kaswende isiyotibiwa inamfanyia nini mtu mweusi mpaka siku anapokufa. Wenyewe hawakuambiwa wana kaswende. Waliambiwa wana "damu mbaya", neno la kwao lililobeba magonjwa chungu nzima, kama sisi tunavyosema damu chafu. Walipewa vipimo vya bure, chakula siku ya vipimo, na ahadi ya pesa ya mazishi mradi familia ikubali maiti ipasuliwe. Walipohitajiwa kwa sindano ya uti wa mgongo, ya kutoa maji ya kupima, barua iliwaita waje kwa matibabu maalumu ya bure. Hayakuwa matibabu.

Sasa ngoja niwarudishe kwenye filamu ya 2011. Steve amelala kwenye mashine, amefumba macho kwa hofu, anachomwa sindano ya kwanza. Anasema, mbona haikuuma sana. Daktari anamwambia hiyo ilikuwa penisilini tu. Ukumbi mzima unacheka. Hadithi inasema huo ni mwaka 1943, mjini New York.

Mwaka huohuo, mji huohuo, kwa kweli kabisa na siyo kwenye filamu, daktari anaitwa John Mahoney aliwachoma penisilini wagonjwa wanne wa kaswende na dawa ikafanya kazi. Na Mahoney alikuwa mtumishi wa Idara ya Afya ya Umma ya Marekani. Idara ileile. Ilipofika 1947 penisilini ilikuwa ndiyo tiba inayokubalika ya kaswende. Wanaume wa Alabama hawakupewa. Na kabla ya hapo, vita ilipoanza, baadhi yao waliitwa jeshini, wakapimwa, jeshi likataka watibiwe kwa dawa zilizokuwepo wakati ule. Watu wa utafiti wakaomba wale waachwe bila kutibiwa. Wakakubaliwa. Fikirini tu: kwenye katuni kijana dhaifu anakwenda kupimwa jeshini, anatoka na dawa. Alabama mgonjwa anakwenda kupimwa jeshini, anatoka bila dawa, kwa makusudi, na hajui.

Iliendelea miaka 40, mpaka gazeti lilipoitoa hadharani 1972. Hesabu inayotajwa mara nyingi ni kwamba wake zao 40 waliambukizwa na watoto 19 walizaliwa na kaswende. Hiyo 19 ndiyo inayonikaa mimi. Mei 1997 Rais Bill Clinton aliwaomba radhi kwa niaba ya nchi, wachache waliokuwa hai walikuwepo.

Na kulikuwa na nesi. Hapa ndipo nilipoacha kula.

Eunice Rivers, mwanamke mweusi, alisomea uuguzi hapohapo Tuskegee. Alikuwa kwenye utafiti ule tangu mwanzo mpaka alipostaafu 1965. Madaktari walikuja wakaondoka, yeye alibaki. Aliwajua wale wanaume kwa majina, aliwafuata kwa gari lake kuwapeleka kwenye vipimo, aliwapa vidonge vya maumivu na dawa za kuongeza damu, aliwatembelea wakiugua, alikaa na wajane msibani. Alikuwa ndiye sababu ya wao kuendelea kuja. Mwaka 1958 serikali ilimpa tuzo. Na baadaye sana, alipoulizwa, bado aliona kwamba aliwahudumia vizuri.

Mimi siwezi kumtupia jiwe haraka. Alikuwa mwanamke mweusi wa Alabama mwaka 1932, madaktari ndio waliotoa amri, na wale watu bila yeye wasingeona hata kidonge cha maumivu. Lakini pia alikuwa muuguzi, na dawa ilikuwepo. Nimebishana na wenzangu usiku mzima wa zamu juu yake, hatukukubaliana, na mimi mwenyewe nabadilika kila nikimsoma upya. Leo naona hivi: upole wake ulikuwa wa kweli, na upole huohuo ndio uliofanya utafiti uwezekane.

Mwaka 2021 Isaiah Bradley alionyeshwa kwenye televisheni, The Falcon and the Winter Soldier. Mzee anaishi Baltimore, hataki kuongea na mtu. Hapo walimpa miaka 30 ya kufungiwa na kufanyiwa majaribio. Alitokaje? Anasimulia kwamba kulikuwa na nesi aliyemhurumia. Akaandika kwenye ripoti kwamba amekufa.

Nesi yule hana hata jina kwenye hadithi. Nilisimamisha picha nikakaa kidogo.

SEHEMU YA 5

Wengi mmeniuliza jana kwa nini namchimba kiasi hiki mtu wa katuni. Nitawaambia kisa kimoja, nimebadilisha mambo mawili matatu mwenyewe asitambulike.

Alikuja kliniki mimba ina miezi mitano. Ya pili. Ya kwanza mtoto alizaliwa mfu miezi minane. Tukampima kama tunavyowapima wote hudhurio la kwanza, damu, presha, malaria, virusi vya ukimwi, kaswende. Kaswende ikasoma ipo. Nikamwambia mama, tunatibu leo, sindano ya penisilini, na mwenzio aje tumpime. Akafunga khanga vizuri, akasema, "Sindano sichomwi."

Mwenzangu alitaka kumgombeza. Nikamwomba aniachie chumba.

Taratibu, taratibu, ikatoka. Mimba ya kwanza, sehemu nyingine, alichomwa sindano. Aliuliza ya nini, akaambiwa geuka. Wiki moja baadaye mtoto akaacha kucheza tumboni. Hakuna aliyemweleza chochote, kadi yake haikuwa na neno juu ya sindano ile. Kichwani mwake jibu lilikuwa moja tu: sindano ilimuua mwanangu. Mtu ambaye hajaambiwa kitu atajiambia mwenyewe, na atajiambia jambo la kutisha kuliko lote.

Sikumpa hotuba. Nilichukua kichupa nikamwekea mkononi, nikamsomea maandishi. Nikamweleza kaswende inavyopita kwenye kondo la nyuma kwenda kwa mtoto, na kwamba inaweza kuua mtoto tumboni, au akazaliwa kabla ya wakati, au akazaliwa mzima kwa macho na kumbe anayo. Nikamweleza dawa itauma, inauma kweli, ni nzito na inakwenda kwenye tako. Kwamba kwa kuwa hatujui ameanza kuugua lini atachomwa mara tatu, wiki moja moja. Kwamba nitamuuliza kama ana aleji kabla sijachoma na atakaa hapo nusu saa nimwangalie. Na kwamba kukataa ni haki yake, ila nitaandika kwenye kadi kwamba nimemweleza.

Akasema, "Andika." Akaondoka.

Siku zile nilikuwa nasoma ile hadithi ya Isaiah, jioni jioni. Nilikuwa nimefika pale wanapopangwa foleni.

Siku ya tisa alirudi na mume wake na mama mkwe wake. Mama mkwe ndiye aliyeanza kuongea: "Sista, tuelezee na sisi." Nikaanza upya tangu kichupa. Mume akapimwa, naye anayo. Wakachomwa wote wawili, yeye akavumilia, mwanaume akapiga kelele mpaka mapokezi wakasikia. Wiki ya pili wakaja. Ya tatu wakaja.

Kwa hiyo mkienda kliniki, mama zangu, mkiambiwa geuka, geukeni mkiuliza. Hii dawa inaitwaje? Ya nini? Nisipochomwa itakuwaje? Mwambieni nesi kama kuna dawa iliwahi kuwavimbisha au kuwatoa vipele. Halafu kabla hamjatoka angalieni kadi, iandikwe jina la dawa na tarehe. Nesi akiwa na foleni ya watu 60 anaweza kukukunjia uso, mimi pia siku nyingine uso huwa umekunjana wenyewe kwa uchovu. Ulizeni hivyohivyo. Na mkiwa wajawazito msisubiri tumbo lionekane ndipo mje, kaswende ikikutwa mapema mtoto anapona humohumo tumboni.

Yule mama alijifungua usiku kwenye zamu yangu. Wa kike, kilo 3.1, alilia kabla sijamaliza kumfuta.

Zamu inaanza saa 2 usiku, ngoja nijiandae. Maswali acheni hapa, nitayajibu kesho mchana nikiamka.